Dubai ama Istanbul? Mwongozo kamili wa kuchagua mji wa likizo ukitokea Uganda

Kila ikifika mwezi wa kumi hivi simu yangu inaanza kuita, shemeji anauliza, jirani anauliza, jamaa wa Busia niliyesoma naye anauliza, na swali ni lile lile: tumejikusanya, tuna hela ya safari moja ya maana, twende Dubai ama Istanbul? Dubai nimeenda mara tatu, Istanbul mara mbili, na mara ya mwisho nilikuwa na mama yangu mzazi. Kuna makosa niliyalipia kwa hela yangu mwenyewe na sitaki mtu mwingine ayarudie, kwa hiyo naandika yote hapa kwa mpangilio. Soma polepole, weka na karatasi karibu, manake utaihitaji.

Kabla sijaanza, nikwambie jambo moja. Wengi wanachagua mji kwa picha, anaona rafiki yake kasimama na lile jengo refu la Dubai, Burj Khalifa, nyuma, basi moyo umeshaenda. Picha haikuonyeshi joto, wala kilima, wala mtoto aliyechoka. Anza na mwezi utakaosafiri na watu unaokwenda nao, bei na picha zije baadaye.

HATUA YA 1: KALENDA YA SHULE

Kama una watoto, likizo zako Uganda ni tatu tu: ile fupi ya Mei, ile ya mwisho wa Agosti kuingia Septemba, na ile ndefu ya Desemba mpaka Januari. Hapo tu nusu ya swali inajibika.

Desemba na Januari ni za Dubai. Mchana joto linacheza nyuzi 24, 25 hivi, jioni unahitaji sweta nyepesi, ufukwe unakalika, bustani za maua na yale maonyesho ya Global Village ziko wazi. Istanbul miezi hiyo ni baridi ya kweli kwa mtu wa Kampala, Januari inashuka mpaka nyuzi 3, mvua ya manyunyu, siku nyingine theluji. Na kuna jambo ambalo sisi watu wa ikweta hatulifikirii kabisa: mchana wao unapungua. Saa zao ni sawasawa na zetu, huhitaji hata kugusa saa yako, lakini Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na moja na nusu jioni. Siku ya kutembea inakuwa fupi na umeshailipia hoteli siku nzima. Ukienda Juni ni kinyume chake, saa mbili na nusu usiku bado unaona mwanga.

Mei ni ya Istanbul, bila ubishi. Hewa ni kama Kabale siku nzuri, maua kila mahali, unatembea kutwa hutoki jasho.

Mwisho wa Agosti hapo ndipo nilipokosea. Niliona tiketi ya Dubai ya bei rahisi, watoto wamefunga shule, nikanunua bila kuuliza kwa nini ni rahisi. Tulipotoka mlango wa uwanja wa ndege miwani yangu ilifunga ukungu papo hapo, nikaivua nikaifuta, ikafunga tena. Joto lilikuwa limepita nyuzi 40 na unyevu wa bahari juu yake. Siku sita tulizokaa, mchana wote ulikuwa wa kutoka kiyoyozi kwenda kiyoyozi, mdogo wangu wa mwisho alikuwa analia akiona tu tunavaa viatu. Bei ya hoteli ilikuwa nusu kweli, lakini hela iliyobaki ilikwenda kwenye teksi manake huwezi kutembea hata dakika kumi. Agosti na Septemba nenda Istanbul, kuna joto la kawaida la nyuzi 28 na upepo wa baharini.

Ramadhani nayo iangalie, inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Futari za uwanjani pale Sultanahmet, Istanbul, ni kitu cha kuona, ila siku za Idd maduka mengi Istanbul yanafungwa, hata lile soko kubwa la Grand Bazaar.

HATUA YA 2: UNAENDA NA NANI

Istanbul wanasema imejengwa juu ya vilima saba, kama Kampala yetu, na miguu yako italijua hilo siku ya kwanza. Mitaa ya zamani ina mawe, njia inapanda na kushuka, mtaa wa Galata ni mteremko kama ule wa kushuka kilima cha Namirembe kwetu Kampala. Mtu mwenye magoti mabovu, mama mjamzito, mtoto wa kigari, atataabika. Dubai ni tambarare, stesheni za metro zina lifti, njia za miguu ni pana. Kwa watoto wa miaka minne mpaka kumi na miwili mimi nasema Dubai, wala sifikirii mara mbili: ufukwe wa bure, samaki wakubwa kwenye kioo ndani ya Dubai Mall, maji yanayocheza muziki jioni chini ya Burj Khalifa, mtoto halali kwa furaha.

Lakini sikiliza vizuri upande wa wazee. Mama yangu ana magoti ya miaka sabini na kitu, na bado Istanbul ndiyo anayoizungumzia mpaka leo. Pale kasri la Topkapı kuna vyumba vinavyohifadhi vitu vinavyonasibishwa na Mtume, na msomaji wa Kurani anasoma humo usiku na mchana bila kukatisha. Mama alisimama pale karibu saa nzima, analia kimya kimya, nikamwacha. Na kama nyumba yako ni ya Wakristo, Ayasofya iliisha kujengwa mwaka 537, ikawa kanisa zaidi ya miaka 900 kabla ya kuwa msikiti 1453, na picha za zamani za Yesu na Bikira Maria bado ziko ukutani ghorofani. Mtu anayependa mambo ya kale na ya dini, Dubai itamwishia siku ya tatu.

Wawili tu, mke na mume, bila watoto? Hapo mwezi ndio uamue.

HATUA YA 3: VIZA KABLA YA TIKETI

Narudia, viza kabla ya tiketi. Sisi wenye pasipoti ya Uganda tunahitaji viza miji yote miwili. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele kuanzia siku ya kusafiri, kama imebaki mitano anza na ofisi ya pasipoti kwanza.

Ya Dubai kwa kawaida unaipata kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, inakuja kwa imeili. Ni njia nyepesi inapokuwa wazi, lakini masharti yao kwa nchi zetu yanabadilika ghafla, na vijana wanaosafiri peke yao hukataliwa zaidi. Kwa hiyo usisikilize aliyekwenda mwaka juzi, uliza wiki hiyo hiyo unayotaka kuomba, na uulize swali hili waziwazi: wakikataa, narudishiwa kiasi gani? Akijizungusha kujibu, ondoka.

Ya Uturuki ina karatasi nyingi zaidi: taarifa ya benki, barua ya kazi au cheti cha biashara, bima ya safari, hoteli uliyobuku. Ubalozi wao uko Kampala. Ukiwa tayari una viza hai ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya), Uingereza au Marekani, angalia kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki ya viza za mtandaoni kama unaingia kwenye masharti yao, inaweza kukuokolea muda mwingi. Jipe miezi miwili. Mwenye biashara ya Kikuubo, pale kwenye maduka ya jumla Kampala, ambaye hela yake yote inapita kwenye mobile money, anza kuipitisha benki mapema, manake anayesoma faili lako anataka kuona hela inaingia na kutoka kwa miezi kadhaa, haridhiki na rundo lililowekwa juzi.

Kama familia ina viza moja iliyo rahisi kupata na nyingine ya wasiwasi, na likizo ni mwezi ujao, chukua ile rahisi. Ile nyingine iombee mwaka ujao kwa utulivu.

HATUA YA 4: TIKETI NA SIKU ZA KWELI

Kwenda Dubai moja kwa moja kutoka Entebbe una Uganda Airlines, Emirates na flydubai, safari ni kama saa tano na kidogo. Istanbul ni Turkish Airlines, karibu saa saba, wakati mwingine inapitia Kigali. Wengine watakupitisha Addis Ababa, Doha, Cairo au Nairobi kwa bei ya chini.

Sasa hesabu hivi: andika siku ambazo utaamka ndani ya mji na kulala ndani ya mji. Hizo ndizo siku za kweli, ile ya kufika na ile ya kuondoka zitoe. Halafu gawa bei yote ya safari kwa hizo siku. Tiketi ya kuunga inayokulaza kiti cha uwanja wa ndege saa tisa imekula siku yako, na siku moja hoteli na chakula cha watu wanne siyo hela ndogo. Chini ya siku nne za kweli usiende Istanbul, mji ni mkubwa, una watu zaidi ya milioni 15, utaona barabara tu. Dubai siku nne zinatosha, tano ni raha, ya saba watoto wameanza kuuliza nyumbani lini.

Angalia pia kilo za mzigo. Najua unasema huendi kununua vitu. Utanunua.

HATUA YA 5: HELA

Dirhamu ni rahisi kuihesabu kichwani. Imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.67, kwa hiyo kwa shilingi zetu dirhamu moja inakaribia elfu moja. Ukiona chakula dirhamu 25 jua ni kama elfu ishirini na tano, ndani ya siku moja umezoea. Bei uliyopanga Kampala ndiyo utakayoikuta.

Lira ya Uturuki ni habari nyingine. Inashuka na bei zinapanda, aliyekwambia sahani ni lira kadhaa mwaka jana hakudanganyi lakini hakusaidii. Panga bajeti kwa dola, badilisha kidogo kidogo huko huko mjini, usibadilishe zote uwanja wa ndege. Beba noti safi zisizo na mikunjo wala maandishi.

Kinachokula hela ni tofauti pia. Dubai vitu vikubwa vina kiingilio, Burj Khalifa bei inapanda saa za machweo, na hoteli watakutoza dirhamu 7 mpaka 20 kwa chumba kila usiku kama kodi ya utalii, mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona mtandaoni. Usafiri lakini ni nafuu, metro kwa kadi ya Nol inaanzia dirhamu 3, haizidi 7 na nusu kwa safari. Usile wala kunywa humo ndani, hata maji, faini ni dirhamu 100.

Istanbul misikiti karibu yote ni bure na ndiyo uzuri wenyewe wa mji, ule wa bluu wa Sultan Ahmed unaingia bila kulipa, funika kichwa kwa wanawake, vua viatu, wakati wa swala subiri nje. Ayasofya mgeni analipa euro 25 tangu 2024, makumbusho na Topkapı nazo ni ghali kwa wageni. Chagua viwili vya kulipia, vingine viangalie kwa nje. Topkapı Jumanne imefungwa, Grand Bazaar Jumapili imefungwa, usije ukapanga siku yako ya mwisho ya manunuzi ikawa Jumapili kama ilivyomtokea mke wangu.

HATUA YA 6: PA KULALA

Hii naipita haraka ila isikie. Kuna wakala mmoja mjini alinibukia hoteli Dubai akaniambia iko karibu na metro, tulipofika ilikuwa dakika ishirini na tano za miguu kando ya barabara kuu na watoto wawili na mabegi. Tangu siku hiyo nafungua ramani mwenyewe, napima kwa miguu kutoka mlango wa hoteli mpaka stesheni, ikizidi dakika nane naacha hata ikiwa na bwawa la kuogelea.

Dubai mtu wa kawaida akae Deira, karibu na stesheni za Al Rigga au Union, chakula cha Kihindi, Kipakistani na Kihabeshi kiko pale pale kwa bei ya binadamu. Istanbul kaa kwenye mstari wa tramu ya T1, Sirkeci ni pazuri zaidi kwangu kwa sababu ni tambarare na maji yako karibu, Laleli ni kwa mwenye mpango wa kununua nguo za jumla. Jihadhari uwanja wa ndege, Istanbul ina viwili, ule mkubwa mpya uko Ulaya na Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, hoteli iliyo karibu na kimoja iko mbali na kingine.

HATUA YA 7: MAJI NA CHAI

Miji yote miwili imekatwa na maji, na ukivuka hayo maji utaujua mji kuliko ukipanda mnara wowote.

Dubai kuna abra, boti ya mbao inayovuka Creek, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kutoka Deira kwenda Bur Dubai kwa dirhamu moja. Benchi liko katikati, mnakaa mmepeana migongo, miguu karibu na maji, kibarua wa Kibengali upande huu na mtalii wa Ulaya upande huu, nahodha anakusanya sarafu kwa mkono mmoja. Dakika chache umefika. Nyuma yako soko la viungo linanuka iliki na zafarani, na huku ng'ambo kikombe cha karatasi cha karak kinakusubiri, chai ya maziwa iliyochemka na iliki, nzito, tamu, karibu na ile ya kwetu ya nyumbani.

Istanbul feri inatoka Eminönü kwenda Kadıköy, kama dakika ishirini, unapanda ukiwa Ulaya unashuka Asia kwa kadi ile ile ya Istanbulkart unayopandia tramu. Siyo kama feri ya Nakiwogo kwenda Kalangala ya kukaa nusu siku, ni usafiri wao wa kazini, watu wanasoma magazeti. Mhudumu anapita na sinia la glasi ndogo zenye kiuno, chai ya rangi inayowaka kama kahawia ya asali, unashika ukingo wa juu kwa vidole viwili manake chini inaunguza. Maziwa hawana, usiulize, mama aliuliza na kijana akamletea kipande cha pili cha sukari kwa upole kabisa. Nje ndege wa baharini wanafuata boti, watu wanawarushia vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na wanaudaka hewani.

Chakula kwa jumla sina wasiwasi nacho kote kuwili. Istanbul tafuta lokanta, mkahawa wao wa kawaida, sinia zimepangwa, unanyoosha kidole kama hoteli zetu za mjini, wali, maharage, nyama ya mchuzi.

HATUA YA 8: VIDOGO VINAVYOUMIZA

Dawa: Dubai wana sheria kali, tramadol na zenye codeine zina masharti mazito, beba karatasi ya daktari na uangalie orodha yao kabla hujapaki. Chaja: Dubai ni pini tatu kama zetu, Istanbul ni mbili za duara, nunua adapta Kampala. Simu za WhatsApp za sauti kwa kawaida Dubai hazitoki, ujumbe ndio unaenda, waambie wa nyumbani wasije wakapagawa. Kadi ya njano ya chanjo iwe ndani ya pasipoti.

Entebbe fika saa tatu kabla, ukipita barabara ya kulipia weka elfu tano pembeni. Na dada zetu wadogo wanaokwenda Dubai matembezi, maafisa wanaweza kukuuliza sana kwa sababu ya mambo ya kyeyo, yaani kwenda kutafuta vibarua nje, usikasirike, beba tiketi ya kurudi, hoteli na barua ya likizo kazini vikiwa vimechapishwa. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto, abebe barua ya ruhusa ya mzazi mwenzake.

HATUA YA 9: KARATASI

Kama bado umegawanyika, sasa chukua ile karatasi. Upande mmoja andika siku ya tatu ya Dubai, upande wa pili siku ya tatu ya Istanbul, saa kwa saa: tunaamka saa ngapi, tunatembea umbali gani, tunakaa wapi jua likiwa kali, mtoto analala wapi mchana, tunakula nini, jioni tuko wapi. Siku ya tatu, manake ya kwanza kila mji ni mzuri. Andika kweli, na miguu na joto uviweke. Halafu wasomee wote mnaosafiri, usiwaambie ni mji gani.

Mimi nilimsomea mama usiku mmoja baada ya chakula. Ya Dubai ilikuwa na kiyoyozi, lifti na njia tambarare, nilikuwa na hakika ataichukua. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwanangu, hiyo boti ya pili ina pa kukaa?" Nikamwambia ina viti vingi, na ndani kuna joto. Akasema, "Basi vilima utapanda wewe, mimi nitakuwa napanda boti." Tukapanga hivyo hivyo, asubuhi tramu, mchana feri, kilima kimoja tu kwa siku na tulikipanda kwa teksi. Usiku ule ule nilifungua simu nikaanza kuangalia tarehe za Mei.